Herufi ya zamani haihitaji mikwaruzo

Ukitafuta fonti ya bango yenye sura ya kizamani, utaletewa herufi nene, nyeusi tii, zenye serifi za mraba: vile vikono vya kwenye ncha, ila hapa vimenenepa karibu sawa na mwili wa herufi yenyewe. Nazipenda mno. Ninazozikataa ni zile zinazouzwa zikiwa zimeshachakazwa, zina mikwaruzo na wino uliokatikakatika, eti huo ndio uzamani.

Uzamani wa wapi? Herufi hizi zilitoka London miaka ya 1810, mtengenezaji wa herufi za chapa Vincent Figgins akiwa miongoni mwa wa kwanza kuziuza, biashara zilipoanza kugombania macho ya wapita njia. Mchapaji alitaka weusi uliojaa na kingo safi. Herufi iliyomeguka ilimtia aibu.

Tatizo lilikuwa ukubwa. Herufi kubwa ya kumiminwa kwa madini ya risasi ni nzito, ni ghali, na ikipoa uso wake haukai sawa. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York akabuni mashine ya kuchonga herufi za mbao, na mwaka uliofuata akatoa katalogi. Mwaka 1834 William Leavenworth akaongeza pantografu, chombo kinachofuata mchoro mmoja na kuutoa kwa vipimo mbalimbali. Ikawa rahisi kuwa na herufi pana, za wastani, nyembamba, na nyembamba zaidi. Karatasi haikuongezeka upana, basi neno fupi lilipewa herufi pana na neno refu nyembamba, mistari ikajaa kutoka ukingo hadi ukingo. Mabango ya sarakasi ya Marekani yanavutia kwa sababu hiyo, wala si kwa madoa.

Na sisi tunaoandika Kiswahili tunauhitaji sana ujanja huo. Neno TUNAWAKARIBISHA haliingii kwenye mstari kwa herufi pana. Wabunifu wengi hulishika kwa kipanya na kulibana: nguzo za wima zinakonda, serifi zinabaki na unene wake, neno linaonekana limeugua. (Zipo herufi zenye serifi nene kuliko nguzo, zile tunazozihusisha na wachunga ng'ombe wa Marekani, lakini hizo zilichorwa hivyo kwa makusudi.) Tafuta fonti iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo.

Sasa turudi kwenye mikwaruzo. Andika KARAKANA kwa fonti iliyochakazwa. A zote nne zina ufa uleule, mahali palepale, na K zote mbili zimemeguka mguu mmoja. Herufi za mbao kila moja ilichakaa kivyake, kwa hiyo uongo huu unajulikana papo hapo. Zipo fonti zenye A mbili au tatu za kubadilishana, lakini Kiswahili kitazimaliza kabla neno halijaisha.

Anayetaka pa kuanzia aangalie Clarendon, aliyoitoa Robert Besley mwaka 1845. Serifi zake zimepindwa kidogo pale zinapoungana na nguzo, kwa hiyo haichoshi macho. Asiye na bajeti achukue Alfa Slab One, ambayo ni ya bure. Ni nzito kweli kweli na ina upana mmoja tu, basi ipe maneno mafupi: SOKO, DUKA, LEO.