Mkibishana Kuhusu Ndoa ya Jinsia Moja, Mnabishana Kuhusu Nini Hasa?

Ugomvi wenyewe kwa kawaida huanza na video. Chukua kundi la WhatsApp la chama cha kuchangiana pesa cha watu 12, liwe la Kondele, Kisumu, au la Section 58 kule Nakuru. Saa tatu usiku mmoja anatuma mahubiri yanayolaani ndoa za jinsia moja. Mwingine anajibu, "Hii ni chuki tu." Kufikia saa nne mweka hazina ameshajiondoa kwenye kundi, na zamu yake ya kupokea mchango ni Jumamosi hii. Waulize waliogombana walikuwa wakibishania nini. Kila mmoja atakutajia jambo lake.

Hapa Kenya maswali matatu hufungwa kitita kimoja. La kwanza ni ndoa: Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja mwanamume na mwanamke. La pili ni jela: Kanuni ya Adhabu, sehemu ya 162, inaadhibu ngono "kinyume cha maumbile", hata ya watu waliokubaliana, kwa kifungo kinachofikia miaka 14. La tatu ni haki ya kuungana. Februari 2023 majaji watatu kati ya watano wa Mahakama ya Juu walisema kukataa kusajili shirika la kutetea mashoga na wasagaji kulivunja Katiba. Ni usajili tu. Hawakuruhusu ndoa, wala hawakufuta kosa la jinai. Ila mitaani habari ilifika ikiwa "korti imeruhusu ushoga", na marafiki wengi wakakosana kwa hukumu ambayo haikutolewa.

Mtu anaweza kupinga ndoa hizo kwa imani yake na bado asitake jirani afungwe miaka 14. Mwenzake anaweza kutetea ndoa hizo bila kudai kanisa lolote lilazimishwe kuzifungisha. Hao wawili wamekaribiana kuliko wanavyodhani. Lakini anayeogopa kwamba kufuta kosa la jinai ni kufungua mlango wa ndoa asichekwe: Mei 2019 Mahakama Kuu ilipokataa kufuta sehemu hizo za Kanuni ya Adhabu, ilitumia hoja inayofanana na hiyo, ingawa walalamishi walisema hawaombi ndoa.

Jambo jingine la kupoza joto ni hesabu. Kifungu cha 45 kimo ndani ya Sheria ya Haki, ile sura ya Katiba inayoorodhesha haki za watu, kwa hiyo hakibadilishwi bila kura ya maoni: wingi wa kura nchini, na angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa wajitokeze katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti 47, yaani 24. Mabishano ya mezani hayatafika huko leo wala kesho. Kanuni ya Adhabu ndiyo Bunge linaweza kuirekebisha kwa mswada wa kawaida, na hapo ndipo kuna mtu halisi anayeweza kuumia au kunusurika.

Halafu huja hoja ya mila, na hapa pande zote mbili huteleza. Mmoja husema, "Afrika haijawahi kuona mwanamke akioa mwanamke." Imeona, na si mbali: miongoni mwa Wanandi, Wakisii na Wakuria, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kulipa mahari ya mwanamke mwingine, akawa "mume" kimila, na watoto wa mkewe wakabeba jina lake na kurithi mali yake. Mwaka wa 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika kesi ya urithi. Basi mwenzake anadakia, "Si unaona! Tulikuwa nayo zamani." La, hatukuwa nayo kwa maana hiyo. Ilikuwa njia ya kulinda boma na ardhi. Watoto walizaliwa na mwanamume, na kitanda hakikuhusika. Inachothibitisha ni kwamba ndoa kwetu ilikuwa na sura zaidi ya moja. Haithibitishi zaidi ya hapo.

Je, tunyamaze tu? Wapo wanaoona kimya ndiyo dawa, na kwa watu wanaokutana kwa sababu ya pesa au kazi, kinatosha. Kundi la chama ni la chama. Kimya hushindwa pale ambapo mmoja ana ndugu, au yeye mwenyewe, anayeguswa. Kwake huu si mjadala wa Jumapili, na mizani haiko sawa: mmoja akishindwa anapoteza hoja, mwingine anaweza kupoteza nyumba ya kupanga. Ndiyo maana siri aliyokuambia rafiki haitoki, hata mkigombana vipi. Kumtaja mtu mbele ya wengine, au kutuma picha ya ujumbe wake, ndiko kunakoua urafiki kuliko msimamo wowote. Upande wa pili nao una dai la haki: muumini asiyemtakia mtu mabaya asibandikwe jina la mwenye chuki kwa sababu tu hakubali.

Kwa mweka hazina yule, Jumamosi apewe zamu yake kwanza. Video wataijadili siku nyingine, wawili peke yao, simu zikiwa mfukoni.