Alama zilezile, mizani miwili

Binti wa dada yangu, anayesoma Marekani, amefanya SAT, mtihani wa kuombea chuo kikuu, mara mbili. Machi alipata 620 kwenye kusoma na kuandika, 540 kwenye hisabati. Likizo nzima akaivalia njuga hisabati, na Agosti ikapanda hadi 610. Kusoma nako kukashuka hadi 560. Jumla ya Machi ni 1160, ya Agosti 1170. Ukichukua alama bora ya kila sehemu, ana 1230.

Chuo alichoomba kimemdahili kwa hiyo 1230. Wiki chache baadaye ofisi ya ufadhili ya chuo hichohicho ikamwandikia kwamba ana 1170, hivyo hafikii 1200 inayotakiwa. Kwao, alama lazima zitoke kwenye mtihani wa siku moja.

Limeniuma. Kama 1230 inatosha kuonyesha kwamba ataimudu shahada, kwa nini isitoshe linapokuja suala la ada?

Wala si chuo kimoja tu. Bright Futures, ufadhili wa jimbo la Florida, huunganisha alama bora za tarehe tofauti. Jirani zao wa Georgia walipoanzisha ufadhili wa Zell Miller mwaka 2011, walitaka 1200 ya mtihani mmoja. Wenye ACT, mtihani mwingine wa kuombea chuo, siku hizi wao wenyewe humpigia mtahiniwa hesabu ya alama zake bora.

Wanaopinga husema kuunganisha alama kunawapendelea wenye pesa, maana wao hurudia mtihani hata mara tano. Kweli wanarudia. Lakini kanuni ya siku moja haiwazuii: watarudia vilevile mpaka ipatikane siku ambayo sehemu zote zimekaa vizuri. Anayeumia ni aliyeweza kulipia mara mbili tu, ambaye mama yake aliacha zamu ya Jumamosi ili ampeleke kwenye kituo cha mtihani. Wanaojali usawa wahesabu mitihani mitatu ya kwanza pekee, kisha waunganishe.

Wazazi wenzangu, kabla ya kulipia mtihani wa tatu, iandikieni ofisi ya ufadhili, si ya udahili. Ulizeni alama za tarehe tofauti zinaunganishwa au la, na mwisho wa kupokea alama mpya ni lini. Sisi tuliuliza udahili, tukajibiwa ndiyo, tukaridhika. Sasa mtoto anarudia Desemba, na safari hii anasoma vyote viwili.