Engaruka: waliondoka kwa ukame au kwa vita?

Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Tanzania, pale nyanda za juu za Ngorongoro zinapoishia, yapo mashamba ya kale ya Engaruka yapatayo hekta 2,000, yote yamegawanywa kwa kuta za mawe. Mifereji iliyaletea maji ya mito inayoteremka milimani. Kwenye mteremko juu yake, vijiji saba vilijengwa kwa ngazi, ngazi juu ya ngazi. Watu waliishi hapo tangu karne ya 15 hadi ya 18, wakilima mtama, kisha wakahama.

Kabla ya kuuliza kwa nini walihama, tuulize walikuwa wangapi. Mwanaakiolojia Louis Leakey, aliyefika huko mwaka 1935, alikadiria watu 30,000 hadi 40,000. Kwa hesabu hiyo Engaruka ni mji mkubwa uliokufa, na lazima tuutafutie janga la ukubwa wake. Watafiti waliomfuata wameishusha idadi hadi watu elfu chache, na mimi nipo upande wao. Mashamba hayakulimwa yote kwa wakati mmoja. Tena uchunguzi wa udongo umeonyesha kwamba baadhi yake yalitengenezwa kwa kuzuia maji ya mto yenye tope, tope likatuama tabaka baada ya tabaka hadi pakawa na udongo wa kulima. Hiyo ni kazi ya vizazi vingi, watu wachache wakisogea polepole. Nastaajabu kila ninapoifikiria: walitengeneza ardhi yenyewe.

Wanaosema maji yaliwashinda wana hoja nzito. Mito kadhaa iliyolisha mifereji ile leo haina maji mwaka mzima. Hata hivyo mto Engaruka wenyewe unatiririka, na watu wanautumia kumwagilia mashamba hadi sasa. Basi ukame peke yake ungewapunguza tu, wasiobanwa na maji wangebaki kando ya mto huo.

Wengine huelekeza kidole kwa wafugaji, hasa Wamasai, walioenea katika eneo hilo. Sipuuzi hofu ya mkulima ambaye mali yake yote imefungwa kwenye mfereji mmoja. Lakini Wasonjo, upande wa kaskazini, wamezungukwa na Wamasai na bado wanamwagilia mashamba yao. Kuwa jirani wa wafugaji si hukumu ya kuhama.

Nikipima pande zote, naegemea upande wa maji kupungua, na watu kuanza kuondoka familia kwa familia, huku usalama mdogo ukiwaharakisha waliosalia. Dhana hii inaweza kupimwa. Kama ni sahihi, tope la mwisho katika mifereji ya mito iliyokauka litakuwa la zamani kuliko lile la mifereji ya mto Engaruka. Kama yote yana umri mmoja, basi watu waliondoka kwa mkupuo, na wanaotaja vita watakuwa wamenishinda.