Kiranja wa Likizo

Shule zikifungwa kwa likizo ndefu, wanangu huwa kama watu walioachishwa kazi bila notisi. Wanazurura sebuleni, wanauliza "Sasa tufanye nini?", na jua halijafika utosini wameshagombana juu ya nani anapumua karibu na mwenzake. Wanaojua malezi wanasema mtoto aliyezoea kengele hawezi kuachiwa siku tupu ghafla. Abaki na mpangilio kiasi, apate na muda wa kukaa bila la kufanya, saa za kulala zisivurugwe (wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi), na ashirikishwe kupanga ratiba yake.

Hapo kwenye kushirikishwa ndipo kasheshe lilipoanzia.

Nilitandaza karatasi kubwa mezani, nikatoa kalamu za rangi, nikakaa pembeni kwa kujiamini. Binti yangu mkubwa, ambaye darasani kwao ndiye kiranja, akachukua rula. Ratiba ilipobandikwa ukutani ilikuwa na kusoma, kucheza, usafi, na "kukaa tu". Upande wa kulia kulikuwa na safu yenye kichwa "Baba". Haikuwa na "kukaa tu" hata kimoja. Sikuisoma, nilikuwa nafaidi utulivu.

Kesho yake alfajiri tuliamshwa na mwiko ukigonga mfuniko wa sufuria. Mahudhurio! Mdogo wake akaitika "Nipo!" amekakamaa wima. Mama yao akaitikia chooni. Mimi nikaandikwa mchelewaji, na utetezi wangu ukanihamishia kwenye orodha ya wapiga kelele. Walioketi darasani wanaijua orodha hiyo: ukirudia kosa, hawaandiki jina upya, wanaongeza alama tu. Kufikia mchana nilikuwa "Baba x 4".

Basi, niko kwenye kikao cha video na bosi, wenzangu wote wamo, nikasikia mwiko.

"Baba, kipindi cha simu kimekwisha. Sasa ni usafi."

Nikapapasa kitufe cha kuzima sauti. Nikabonyeza cha kugeuza kamera. Kikao kizima kikatazamishwa ukuta: ratiba, safu yangu, na chini yake, kwa wino mwekundu, "Baba x 4". Mtu mmoja akacheka, akazima kamera yake haraka. Aliyekuwa anawasilisha ripoti akasahau alikuwa wapi.

Bosi akakohoa. "Samahani, naomba tuongezewe dakika kumi."

Binti akainyakua simu, akaigeuzia usoni kwake.

"Shikamoo," akasema, maana adabu anayo.

"Marahaba, mama."

"Ni wewe unayemchelewesha Baba?"

"Ndiyo, ni mimi."

Akaitazama ratiba, akamtazama bosi, akafungua kalamu nyekundu.

"Kesho uje na mzazi wako."