Hershey Bears: timu ya ligi ndogo isiyohama

Mwaka 2012 timu ya hoki ya barafuni ya Norfolk Admirals, huko Virginia, ilishinda mechi 28 mfululizo. Hakuna timu ya kulipwa ya hoki Amerika Kaskazini iliyokuwa imewahi kufika hapo. Msimu ukaisha wakiwa wamelibeba Kombe la Calder, taji la AHL, ligi inayofuata chini ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini. Miaka 3 baadaye leseni ya timu, yaani haki ya kucheza ligi hiyo, ilikuwa San Diego, upande wa pili kabisa wa nchi. Mashabiki wa Norfolk hawakukosa lolote. Anaheim Ducks wa NHL, ambao vijana wao walikuwa wakikomazwa Norfolk, walitaka vijana hao wawe karibu, wakainunua leseni na kuondoka nayo. Mwaka huohuo timu nyingine 4 za AHL zilipelekwa California kwa hesabu ileile.

Naanza na Norfolk kwa makusudi. Kila inapoandikwa habari ya Hershey Bears, timu kongwe kuliko zote katika AHL, sifa huenda kwa mashabiki: eti waaminifu, eti mji mzima una dubu (ndiyo maana ya Bears) moyoni. Mimi nasema uaminifu wa mashabiki haujawahi kuizuia leseni kupanda lori. Bears wako palepale tangu walipoingia ligi hiyo mwaka 1938 kwa sababu ya jambo kavu zaidi, nalo ni jina la mmiliki kwenye hati.

Aliyekulia kwenye soka atahitaji kuelezwa kidogo. Huko hakuna kupanda wala kushuka daraja. Chukua ubingwa wa AHL hata mara mia, NHL utaitazama kwenye televisheni. Wachezaji wengi wana mikataba na timu kubwa, ambayo huwaleta chini wakomae na kuwaita juu inapowahitaji, hata kama ligi ndogo iko kwenye mchujo wa ubingwa. Kocha analala akiwa na mfungaji bora, anaamka hana. Huku kwetu mchezo wenyewe ni wa nadra. Wa Nairobi wameuona kwenye kile kiwanja kidogo cha hoteli ya Panari, wanakocheza Ice Lions. Lakini jambo la timu kuishi kwa hisani ya tajiri halihitaji barafu kueleweka. Mashabiki wa timu za viwanda vya sukari wanajua: kiwanda kikiyumba, timu hukosa nauli ya mechi ya ugenini.

Hershey nayo ni timu ya kiwanda, tena cha chokoleti. Milton Hershey alijenga kiwanda chake katikati ya mashamba ya ng'ombe wa maziwa ya Pennsylvania mwanzoni mwa karne ya 20, na mji ukaota kukizunguka. Barabara zikaitwa Chocolate Avenue na Cocoa Avenue. Yeye na mkewe hawakujaliwa watoto. Mwaka 1909 walifungua shule ya wavulana yatima, na mwaka 1918 akaweka hisa zake za kampuni katika amana ya shule hiyo, yaani mfuko unaosimamiwa na wadhamini kwa niaba yake. Shikeni hapo kwenye amana, nitarudi.

Timu ilizaliwa mwaka 1932, mdororo wa uchumi ukiwa umeikaba Marekani, ikiitwa Chocolate B'ars, mchezo wa maneno kati ya bears (dubu) na bars (vipande vya chokoleti). Lilikuwa tangazo la bidhaa lililovaa viatu vya kutelezea. Waandishi wa michezo wakalalamika kwamba jina lina harufu ya duka, na mwaka 1936 likawa Hershey Bears. Mwaka huo ndio lilipofunguliwa jumba lao jipya, lenye viti zaidi ya 7,000 katika mji mdogo ambao watu wake wote wangeweza karibu kuingia humo na kufunga mlango. Mhandisi Anton Tedesko aliliezeka kwa ganda jembamba la zege, lililopinda kama pipa, bila nguzo hata moja ndani. Katika miaka hiyo ya njaa mzee Hershey alijenga hoteli, jumba na uwanja mfululizo, watu wapate kazi. (Humo humo, tarehe 2 Machi 1962, Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mechi moja ya kikapu. Dunia inalikumbuka jumba kwa usiku ule mmoja, Bears walioishi humo zaidi ya miaka 60 hawatajwi.)

Nisije nikamgeuza mzee huyo malaika. Sukari yake ilitoka kwenye mashamba makubwa aliyonunua Cuba. Mwezi Aprili 1937 wafanyakazi wa kiwanda walipogoma na kukaa ndani, wakulima waliokuwa wakikiuzia maziwa, pamoja na wafanyakazi wasiounga mkono mgomo, waliwaingilia kwa marungu na kuwatoa wakivuja damu. Mji unaopewa kila kitu na mtu mmoja humlipa mtu huyo kwa namna nyingi, na kunyamaza ni mojawapo. Burudani ya hoki ilikuwa sehemu ya mpango huo. Ukinieleza kwamba timu ilianzishwa kwa mapenzi ya mchezo tu, nitakusikiliza kwa adabu.

Ila uwanjani walipata mtu ambaye ningempenda hata angekuwa kwa wapinzani. Frank Mathers, beki wa Winnipeg, alikuwa amecheza mechi 23 tu za NHL akiwa na Toronto. Alifika Hershey mwaka 1956 kama kocha mchezaji. Aliondoka mwaka 1991. Katikati alikuwa kocha, meneja na mwishowe rais wa klabu. Vikombe vya 1958, 1959 na 1969 alivichukua akiwa kocha, vya 1974, 1980 na 1988 akiwa ofisini. Ule wa 1988 ulikuja kwa mechi 12 za mchujo, ushindi 12. Mwaka uliofuata kustaafu kwake aliingizwa katika Jumba la Heshima la hoki, yeye ambaye maisha yake karibu yote yalipita kwenye ligi ambayo magazeti makubwa huipa mistari miwili.

Tena enzi zile ligi hiyo haikuwa ya vilaza. Hadi 1967 NHL ilikuwa na timu 6 tu, kwa hiyo mtu angeweza kuwa miongoni mwa wachezaji 200 bora duniani na asipate nafasi. Mtazame Willie Marshall, aliyeng'ara Hershey chini ya Mathers. Ana pointi 1,375 katika AHL na hakuna aliyemfikia mpaka leo. NHL alicheza mechi 33. Leo, NHL ikiwa na timu 32, kijana wa kiwango chake angekuwa na nyumba mbili na wakala wa kumjibia simu.

Turudi kwenye amana. Bears wanamilikiwa na Hershey Entertainment & Resorts, na kampuni hiyo iko chini ya amana ya shule. Ndiyo maana uhusiano wao na NHL uko kinyume na wa Norfolk. Washington Capitals walikuja 1977, Philadelphia Flyers wakachukua nafasi 1984, Colorado Avalanche 1996, kisha Capitals tena 2005. Timu kubwa ndizo zinazopanga na kuhama. Mwenye nyumba ni Bears. Mkataba ukiisha, barafu, jezi na jina vinabaki Hershey, na mpangaji mwingine anabisha hodi.

Hata hivyo, mwaka 2002 nyumba yenyewe ilitikisika. Wadhamini wa amana walitaka kuiuza kampuni ya chokoleti, na Wrigley, kampuni ya ubani wa kutafuna, wakaweka mezani dola bilioni 12.5. Mji ukafura. Wafanyakazi, wastaafu na wanafunzi wa zamani wa shule wakaingia barabarani, mwanasheria mkuu wa jimbo akaenda mahakamani, na mwezi Septemba wadhamini wakarudi nyuma. Hapa ndipo nawapa wakazi wa Hershey heshima wanayostahili. Kushangilia bao ni rahisi, lakini wao walijua ofisi gani ya kuipigia kelele. Mwezi uliofuata ukafunguliwa uwanja mpya, Giant Center, wenye viti zaidi ya 10,000. Wakazi wa Hershey ni 14,000 hivi.

Zama za Capitals ndizo zimekuwa tamu kuliko zote: vikombe vya 2006, 2009, 2010, 2023 na 2024. Msimu wa 2009–10 walishinda mechi 60 kati ya 80, rekodi ya ligi. Jay Beagle alibeba vikombe viwili hapo na baadaye Kombe la Stanley, taji la NHL, na Washington mwaka 2018, akiwa tayari ana taji la ECHL, ngazi ya chini zaidi. Ndiye wa kwanza kuzikusanya ngazi zote tatu. Kuna pia ule usiku wa kila mwaka ambapo bao la kwanza la Bears likiingia, watu hurusha midoli ya dubu barafuni, igawiwe mashirika ya hisani. Januari 2025 ilihesabiwa 102,343. Mechi husimama muda mrefu wakiizoa, nami nakiri hiyo ndiyo sehemu ninayoruka kwenye video.

Sehemu nisiyoruka ni mechi ya 7 ya fainali ya 2023. Wapinzani walikuwa Coachella Valley Firebirds, timu ya msimu wa kwanza, yenye uwanja mpya jangwani California. Bears wakatanguliwa 2–0, wakasawazisha, na katika muda wa nyongeza Mike Vecchione akafunga la tatu. Mwaka uliofuata wakakutana fainali tena na timu ileile. Matt Strome akaimaliza mechi ya 6, pia katika muda wa nyongeza. Hilo likawa kombe la 13.

Anayewafuata kwa hesabu ni Cleveland Barons wa kale, wenye makombe 9. Hao walikuwa vigogo kweli, na kwa muda mrefu ilionekana wazi kwamba hakuna wa kuwagusa. Kisha mwaka 1972 Cleveland ikapata timu katika ligi mpya ya WHA, iliyojitangaza kuwa mpinzani wa NHL, na watu wakakimbilia kikubwa. Barons walihamishiwa Jacksonville, Florida, msimu ukiwa katikati, na mwaka 1974 wakafutika. Timu ile kubwa iliyowafukuza nayo ilikuwa imeondoka Cleveland kufikia 1976.