Ukienda kuikagua Kombi ya zamani, nenda na fundi wa bodi

Watu wengi hapa Dar wakipata habari ya Kombi ya zamani ya mizigo, ile isiyo na vioo ubavuni, humbeba fundi wa injini. Wataiwasha, watasikiliza mlio, watakubaliana bei. Mimi naona wanaanzia mkiani. Anayestahili kulipiwa nauli siku hiyo ni fundi wa bodi.

Injini ya Kombi inakaa nyuma na inapozwa kwa hewa. Kuishusha si kazi kubwa kwa fundi anayeijua. Ikiwa imekufa, utaifanyia oveholi au utatafuta nyingine. Bodi ndiyo gari lenyewe. Tangu Volkswagen walipoanza kuitengeneza mwaka 1950, Kombi haina chasisi ya kufungua kama Land Rover. Mihimili yake imechomelewa kwenye sakafu, kwa hiyo kutu ya chini ni kutu ya uti wa mgongo.

Na jiji letu lina chumvi. Gari lililolala miaka Kigamboni likipigwa na upepo wa bahari si sawa na lililotoka Dodoma, hata rangi zikifanana. Rangi isikudanganye, maana pati, ule udongo wa kuzibia bodi, iliyopigwa vizuri inaficha tundu la kupitisha ngumi. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa, ipitishe chini ya milango, kuzunguka matairi na chini ya kioo cha mbele. Isiponasa, hapo hakuna bati. Kisha lala chini na tochi na bisibisi, uchokonoe vizingiti, mahali pa kuwekea jeki, na pale betri inapokalia pembeni ya injini, kwani asidi hupatoboa. Kama lilikaa bonde la Msimbazi, gonga na mihimili: tope la mafuriko likiingia humo halitoki, na kutu huanzia ndani. Muuzaji asiyetaka ulale chini ya gari lake, muage.

Ubavu nao una mambo yake. Bati lile refu ndilo uzuri wa Kombi ya mizigo, na ndilo gumu kunyoosha. Litazame kwa mshazari asubuhi, jua likiwa chini, uone mawimbi. Halafu ingia ndani, maana huko hakuna urembo wa kuficha kitu. Ikiwa iliwahi kukatwa madirisha ya abiria na kuzibwa, utaona alama za kuchomelea.

Injini, izime, ushike puli ya nyuma, uisukume na kuivuta. Mchezo unaoruhusiwa, yaani kule kwenda mbele na nyuma, mwisho wake ni milimita 0.15, hivyo ukisikia inagonga, hesabu oveholi kwenye bei.

Namba ya chasisi ilinganishe na kadi mapema. Zikipishana hata tarakimu moja, usitoe kishika uchumba mpaka mwenye gari amalizane na TRA.