Homa ya ini B: tusubiri ini liumie ndipo tutibu?

Watu wengi wenye virusi vya homa ya ini B wamerudishwa nyumbani bila dawa, wakiambiwa ini bado zima, warudi kupima baada ya miezi sita. Utaratibu huo haukukosa sababu. Dawa kama tenofovir hufubaza virusi, na ni mara chache sana kuvimaliza, hivyo anayeanza huenda akameza kidonge kila siku maisha yake yote. Figo zake zitahitaji kuangaliwa, na mifupa pia. Akiacha ghafla, virusi vinaweza kuibuka na kulishambulia ini vikali.

Hizo ni hoja nzito, ila zinadhani tunajua ini limeumia kiasi gani. ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zinapoharibika, hupanda na kushuka. Ikiwa sawa leo, haithibitishi kwamba ini halina makovu. Kutoa kinyama cha ini kwa sindano huonyesha zaidi, lakini huwezi kumchoma mtu hivyo kila mwaka. Mashine ya kupima ugumu wa ini nayo hospitali nyingi za wilaya hazina.

Kinachobaki ni APRI, hesabu inayokadiria makovu ya ini kwa majibu ya damu. Chukua mtu mwenye AST (kimeng'enya kingine cha ini) 60, kikomo cha kawaida kikiwa 40, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, 140 kwenye karatasi ya majibu. Gawa 60 kwa 40, gawa tena kwa 140, zidisha kwa 100: unapata 1.07. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 ulitaka APRI izidi 2 ndipo ihesabiwe sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Kwa kigezo hicho peke yake angesubiri. Mwongozo wa Machi 2024 umeshusha kikomo hadi 1, na ikizidi 0.5 tu ni dalili ya makovu ya kutosha kuanza dawa.

Naunga mkono mabadiliko hayo. Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B, na 3% tu ndio walikuwa kwenye tiba. Kumtibu kila mwenye virusi, kama tunavyofanya kwa VVU, bado sishawishiki. Kijana wa miaka 20 mwenye virusi vichache na ALT ya chini atanufaika kidogo, na mzigo wa vidonge ataubeba miongo mingi. Lakini kama mzazi wake alikufa kwa saratani ya ini, apewe dawa, na mwongozo mpya unaruhusu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tenofovir hiyo hiyo mara nyingi hutolewa bure kwa mwenye VVU, huku mwenye homa ya ini B peke yake akitakiwa kujilipia.